Shauku ya Mwanafunzi wa Chuo na Lugha ya Singeli

Mwanafunzi wa chuo akaaye Tandale au Mbagala, apandaye daladala kila asubuhi kwenda Mlimani, huja darasani na lugha mbili. Moja huiandikia mitihani. Ya pili huitumia mtaani, na ndiyo aimbayo. Shauku yake ya muziki mpya, ya michoro na ya mavazi haina siri: hujulikana kwa kofia, kwa viatu, na kwa namna akatavyo nywele. Mabingwa wa lugha wamesema mengi juu ya shauku hiyo, na sehemu kubwa ya maneno yao ni karipio, kwamba vijana huharibu lugha kwa mambo mapya. Kijana naye hujitetea kwa hoja moja tu, kwamba mambo hayo ni mapya. Hivyo wagomvi wawili wamekwisha kukubaliana, wala hawajui, juu ya jambo ambalo si kweli.

Karipio lenyewe ni la siku nyingi. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitoa azimio la kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na Operesheni Vijana ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Katika siku hizo hizo Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, alikuwa akichora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa za madukani juu ya vipande vya mbao laini, na picha zikiuzwa Oysterbay. Alikufa mwaka 1972. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, na mtu husema “picha ya tingatinga” bila ya kumkumbuka mwenye jina. Katika mavazi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Suruali pana miguuni ya miaka ya 1970 iliitwa bugaluu, kwa jina la dansi ya Wamarekani, na hapana aliyeuliza kama neno hilo lilikuwa na ruhusa. Kizazi kilichofuata kiliivaa suruali chini ya kiuno kikaiita mlegezo, neno ambalo hata fundi wa sarufi hawezi kulitoa kasoro: kitenzi legea kimepata kauli ya kusababisha, kikawa legeza, kisha kikatiwa m- mwanzoni na -o mwishoni, sawasawa na mchezo na mwendo. Aliyelichukia vazi hakuwa na sababu ya kulichukia neno.

Lakini mavazi hupita. Muziki ndio wenye neno kubwa zaidi la kuchunguzwa, na hasa singeli.

Singeli ilikulia katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, pamoja na Manzese na Mburahati ambazo baadaye ziliwekwa chini ya wilaya mpya ya Ubungo. Mapigo yake hufika 200 kwa dakika na kuzidi, hali dansi ya kawaida ya disko hutosheka na 120 hivi. Mwaka 2017 kampuni ya santuri ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, uliotoka katika studio ya Mburahati, na wasikilizaji wa Ulaya wakaupokea kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Haukuanguka. Nyuma ya singeli upo mchiriku, uliopigwa kwa ngoma na vinanda vidogo vya Casio katika miaka ya 1990, na nyuma ya mchiriku zipo ngoma za arusi za Wazaramo. Mafundi wa studio walichukua hata vipande vya taarab wakavirudiarudia na kuvikimbiza. Mwanafunzi adhaniye kwamba anasikiliza muziki wa juzi, anasikiliza pia arusi ya nyanya yake, ila imeharakishwa.

Lugha yake ni vivyo hivyo. Wimbo uliompa sifa Man Fongo waitwa “Hainaga Ushemeji”. Jina hilo peke yake lilitosha kuwakasirisha walimu, kwa sababu ya ile -ga. Katika Kiswahili sanifu, kilichotengenezwa juu ya Kiunguja baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, mazoea huonyeshwa kwa hu-: huenda, husema, hupenda. Mtu asemaye napendaga au anaendaga huambiwa kwamba amechafua lugha kwa matamshi ya bara. Kwamba -ga imetoka bara ni kweli. Ipo katika Kisukuma na Kinyamwezi, na Kikuyu pia kinayo. Lakini si uchafu, wala si changa. A. E. Meeussen, katika kazi yake ya mwaka 1967 juu ya sarufi ya asili ya lugha za Kibantu, aliiweka -ag- miongoni mwa viungo vya kale vya kitenzi. Kwa hiyo kijana wa Tandale hakubuni kitu. Amekirudisha nyumbani kitu ambacho Kiunguja hakikukihifadhi, nacho kimeletwa na watu waliohamia. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 wakazi wa Dar es Salaam hawakufika 300,000. Katika ile ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Mamilioni hayo hayakuja na mizigo peke yake.

Tena -ga imeingia kwa utaratibu. Hao wasemao kwamba vijana hawana sarufi wangesikiliza kwanza. Katika napendaga kiungo hukaa kabla ya irabu ya mwisho: -pend-ag-a. Katika kukanusha, irabu ya mwisho hugeuka kuwa -i kama ilivyo desturi ya Kiswahili, na kiungo hubaki mahali pake: sipendagi, haendagi. Lakini -na ya kumiliki si kitenzi kamili, haina irabu ya mwisho iwezayo kugeuzwa. Basi kiungo hubandikwa chote nyuma yake, nacho hakigeuki hata katika kukanusha. Ndiyo sababu jina la wimbo ni hainaga, si hainagi. Mwimbaji hakufundishwa kanuni hiyo na mwalimu yeyote.

Kuna na faida. Kiambishi hu- kina upungufu ujulikanao na kila afundishaye wageni: hakichukui nafsi, hakichukui wakati uliopita, wala hakikanushiki. Mtu akitaka kukanusha huenda, atasema haendi, na mazoea yamekwisha kupotea, kwa kuwa haendi yaweza kuwa habari ya leo tu. Haendagi yasema kwamba si desturi yake kwenda. Pengo lilikuwapo katika lugha sanifu, mtaa umeliziba.

Hapa mpenzi wa singeli angefurahi na kufunga kitabu. Asifunge bado. Kina cha shairi la Kiswahili ni silabi nzima, na watunzi wa zamani waliutolea jasho ukamilifu wake, kina cha kati na kina cha mwisho, katika mizani nane kwa nane. Kiungo -ga ni silabi iwezayo kubandikwa nyuma ya kitenzi chochote. Basi mwimbaji akiishiwa, amepata kina cha bure: mistari kumi yaweza kuishia -ga bila ya mmoja wao kuwa na haja nayo. Kwa mwendo wa mapigo 200 msikilizaji hana nafasi ya kutambua udanganyifu huo. Masikio yake yamekwisha kuridhishwa kabla ya akili kufika. Sehemu kubwa ya singeli husimama juu ya ujanja huu, na huo ni umaskini, hata ukichezwa vizuri namna gani. (Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, ugomvi wa wataalamu ulikuwa juu ya msomi aliyevitupa vina. Aliyevishika siku hizi ni kijana wa mtaani, naye hakupewa shukrani na wanajadi.)

Kwa hiyo shauku ya mwanafunzi yahitaji kipimo, na kipimo chenyewe si kigumu. Auchukue mstari wowote aupendao, aiondoe -ga au aweke hu- mahali pake. Maana ikibaki ile ile, kiungo kilikuwa pambo la kina. Maana ikipungua, mtunzi alikuwa na neno la kusema. “Hainaga ushemeji” hufaulu jaribio hili: “haina ushemeji” ingekuwa taarifa ya jambo moja, bali lile la kwanza ni hukumu juu ya desturi, karibu na methali. Nyimbo nyingi zilizo mashuhuri kuliko huo zingeshindwa. Kazi ya kuzichambua moja moja haijafanywa ipasavyo, na afaaye kuifanya ni huyo huyo mwanafunzi, ambaye masikio yake yamezoea mwendo ule.

Ila sasa yeye hufanya kinyume. Aandikapo insha, huisoma tena kwa hofu na kuzifuta -ga zote kabla ya kuipeleka kwa mwalimu. Alikuwa ameandika: baba alikuwaga dereva. Afutapo, hubaki: baba alikuwa dereva. Msahihishaji hupita bila ya kutia alama yoyote, wala hajui kwamba sentensi ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeshika usukani miaka mingi kisha akaacha, na ya pili yaweza kuwa ya mtu aliyeendesha gari siku moja.