Mganga na Mpiganaji: Mizani ya Nguvu Mezani na Jukwaani

Dawa ya maji ilipowafikia Wamwera mwaka 1905, katika nchi ambamo leo zimo wilaya za Ruangwa na Nachingwea, ilikuja na ahadi moja pamoja na miiko kadhaa. Ahadi ilikuwa kwamba risasi ya Mdachi itageuka maji. Miiko ilimtaka mpiganaji asilale na mwanamke wala asipore mali ya watu. Misheni ya Nyangao, iliyo jirani, iliteketezwa mwaka huohuo. Lakini risasi zilibaki kuwa risasi, na walionusurika waliambiwa kuwa walioanguka walivunja miiko.

Habari hii huwekwa katika vitabu vya historia, na ndipo mahali pake. Hata hivyo yafaa isomwe pia na wanaochunguza kazi za ubunifu, kwa kuwa ndani yake mna swali lililowasumbua kwa miaka mingi watungaji wa michezo ya kuigiza mezani: mwenye nguvu za ajabu na mwenye mkuki mtupu watakaaje katika hadithi moja, kila mmoja akawa na kazi ya kufanya?

Mchezo ulioanzisha mashindano hayo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache huketi mezani. Mmoja husimulia na kuhukumu, wengine kila mmoja huchukua mhusika wake, na dadu hukata shauri pale ambapo mambo hayana hakika. Wahusika wana fani zao: mpiganaji, kuhani, na yule ambaye Kiswahili husita kumpa jina, maana mchawi kwa Waswahili ni adui wa jamii. Hapa ataitwa mganga, ingawa mganga wa kweli angecheka kusikia kwamba mwenzake huyu hatibu mtu.

Katika kanuni za mwaka 1978 uhai wa mganga ulipimwa kwa dadu ya pande nne, na wa mpiganaji kwa dadu ya pande kumi. Mganga hakuruhusiwa kuvaa deraya, naye alianza na uganga mmoja tu, ambao ukishatamkwa ulifutika kichwani mpaka apumzike na kuusoma upya. Shauri hilo la kusahau lilichukuliwa kwa Jack Vance, aliyetoa The Dying Earth mwaka 1950, nalo ni mwiko wa kupendeza: nguvu hulipiwa kwa kumbukumbu. Lakini mganga akipanda daraja, moto autupao huongezeka dadu nzima kila mara, huku mpiganaji akiongezewa wepesi kidogo wa kulenga. Mnyonge wa jana huwa bwana, na shujaa wa jana huwa mlinzi wa mizigo yake. Mizani inayohitaji miaka miwili ili ikae sawa haimfai anayecheza kwa wiki kumi.

Toleo la nne, la mwaka 2008, lilijaribu kuponya maradhi hayo kwa kuzipa fani zote vipawa kwa mpango mmoja. Hesabu ilitengemaa; ladha ikapotea. Wachezaji wengi waliona kwamba upanga na uganga vimekuwa kitu kimoja chenye majina mawili, na lawama yao ilikuwa ya haki. Busara kubwa zaidi ilikwisha kuonekana mwaka 1987 katika Ars Magica ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, uliokiri waziwazi kuwa mganga humshinda kila mtu, kisha ukawataka wachezaji wapokezane nafasi hiyo. Usawa hapo ni wa watu walioketi mezani, si wa wahusika.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, aliingia katika swali hilihili kwa mlango mwingine katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Mle mna mganga, Kinjeketile, na mna mpiganaji, Kitunda. Maji yanapokubaliwa, fani ya Kitunda huporomoka: nani atajisumbua kujifunza kujikinga ikiwa risasi ni maji? Kinjeketile anataka watu wangoje. Watu hawataki tena kungoja, kwani neno limekwisha kumtoka na limekuwa kubwa kumshinda yeye. Hata akiwa kifungoni anakataa kuyakana maji, akijua kwamba yaliwakusanya watu ambao mkuki haukuwakusanya.

Basi, anayetaka kutunga mchezo wa mezani juu ya vita vile katika nchi ya Ruangwa ana kazi ngumu. Maji yakizuia risasi, wafu wanadhihakiwa. Yasipofanya lolote, kila aliyeyapokea anaonekana mpumbavu, na wale watu hawakuwa wapumbavu. Miiko nayo haitamwokoa mtungaji. Mezani kanuni husomwa na wote kabla ya dadu kutupwa, na msimulizi anayemtafutia marehemu kosa baada ya pigo hukemewa. Vitani mwiko ulijulikana mapema, lakini hukumu ya nani aliuvunja ilitolewa juu ya maiti, na hapakuwa na mtu wa kuipinga.

Iliyobaki ni kuyapa maji nguvu yaliyokuwa nayo kweli. Aliyenyunyiziwa asimame bega kwa bega na mtu wa kabila jingine bila dadu kutupwa. Hofu yake ipungue. Na kwa kadiri hofu inavyopungua, kurudi nyuma kuwe kugumu zaidi. Risasi ibaki risasi. Katika mchezo wa namna hiyo mganga ni mkubwa kupita wote, wala hakuna haja ya kumpunguza, kwa sababu Kitunda anabaki na kazi ambayo maji hayawezi kuifanya: kutambua saa ya kuwarudisha watu nyuma, na kupata njia ya kuwafanya wasikie.