Kijito Kisichojua Mkubwa

Uwanja wa gofu ni kazi ya mikono ya watu, na kila kazi ya namna hiyo haina budi kuhakikiwa. Ninaouhakiki hapa ni uwanja wa Augusta National, katika jimbo la Georgia, Marekani, ambako mashindano ya Masters yalianza mwaka 1934. Sijapata kuucheza. Nimeutazama kwenye televisheni, mara nyingi usiku wa manane, na nakiri mapema kwamba televisheni huficha miinuko yake. Shimo la 10 huteremka kiasi cha mita 30, lakini machoni petu huonekana kama zulia lililotandikwa.

Ardhi hiyo zamani ilikuwa kitalu cha miche. Bobby Jones na Alister MacKenzie walipousanifu uwanja, urithi huo haukutupwa: kila shimo lina jina la mti au ua. Basi wengi husifu maua, wakaishia hapo. Nathubutu kusema kwamba sifa yake kubwa iko kwingine.

Tazama shimo la 12. Lina yadi 155 tu, nalo ndilo fupi kuliko yote. Mbele ya grini yake nyembamba kinapita kijito cha Rae's Creek, na upepo huzunguka kati ya miti hata mchezaji asijue unatoka wapi. Hapo nguvu hazisaidii kitu. Mwaka 2016 Jordan Spieth, aliyekuwa akiongoza kwa mapigo 5 baada ya mashimo 9 ya kwanza, alitia mipira miwili majini akamaliza shimo hilo kwa mapigo 7. Mwaka 2020 Tiger Woods, bingwa wa Masters mara 5, alitumia mapigo 10. Kijito hakikuuliza jina la mtu. Huo ndio usanifu bora: wote hupimwa kwa pishi moja.

Lakini wenye uwanja je, nao waliwapima watu kwa pishi hilo? La hasha. Hadi mwaka 1982 wachezaji wa Masters walilazimika kutumia wabeba mikoba wa klabu, nao walikuwa watu weusi. Hao waliijua miteremko ya grini kuliko mabingwa waliowabebea. Hata hivyo, mchezaji wa kwanza mweusi, Lee Elder, alishindana hapo mwaka 1975. Mwanachama wa kwanza mweusi alipokelewa mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012.

Wako watakaosema kwamba uwanja uhakikiwe kwa nyasi zake, mambo ya wanachama tuwaachie wenyewe. Sikubaliani nao. Uwanja unaodai uadilifu kwa kila anayeshika fimbo hutupa haki ya kuwadai uadilifu huohuo wanaoulinda mlango wake.

Mwezi Aprili 2021 klabu ilimwalika Elder kufungua mashindano kwa heshima. Alikuwa mgonjwa, akipumua kwa msaada wa oksijeni, na hakuweza kupiga mpira. Aliinuka kidogo kitini, watu wakampigia makofi. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Uwanja naupa alama zote. Klabu naipunguzia alama za miaka ile yote ambayo mzee yule angeweza kupiga.