Siku Moja, Vyumba Viwili

Albamu ya Moody Blues, Days of Future Passed (1967), husifiwa kwa kuoanisha roki na okestra. Hata mimi niliisifu hivyo, mpaka nilipoisikiliza kwa makini. Ndoa hiyo siioni. Kwa sehemu kubwa okestra ya Peter Knight hupiga, ikinyamaza bendi huingia, kama wapangaji wanaopishana mlangoni. Mchanganyiko wa kweli umo kwenye melotroni ya Mike Pinder, kinanda ambacho kila kitufe huchezesha mkanda wenye sauti iliyorekodiwa. Fidla zake zinatetemeka, hazifanani kabisa na za kweli. Lakini kwenye "Nights in White Satin" ndizo zinazolia pamoja na Justin Hayward. Okestra naistahi, hizi ndizo zinazoniliza.