Bree Asiyekuwapo: Tamthilia, Barua na Amri ya Nane

Mnamo Juni 2006 msichana aliyejiita Bree, mwenye umri wa miaka 16, alianza kujionyesha katika YouTube kwa jina la lonelygirl15. Akiwa ameketi chumbani mbele ya kamera ndogo ya kompyuta, alisimulia upweke wake, urafiki wake na kijana Daniel, na dini kali ya wazazi waliomfundisha nyumbani. Watazamaji walimwandikia, naye akawajibu. Septemba mwaka uleule ikadhihirika kwamba Bree hakuwapo kamwe. Alikuwa mwigizaji Jessica Rose, mwenye miaka 19, na chumba kile kilikuwa cha Mesh Flinders, aliyeibuni kazi hiyo pamoja na Miles Beckett na Greg Goodfried.

Wako walioiita kazi hii uongo mtupu. Hukumu hiyo naiona nyepesi mno. Luther mwenyewe, alipofichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521 na 1522, alifuga ndevu na kuitwa Junker Jörg. Na Agano Jipya alilolitafsiri humo lilichapwa Septemba 1522 pasipo jina lake. (Sisi tuitwao kwa jina lake tusiharakishe kulaani kila lakabu.) Tena, kama uigizaji, sehemu za kwanza ni kazi njema: Rose ajua kusita na kucheka kwa haya, na dini ya wazazi haielezwi upesi, bali huachwa imtie mtazamaji shaka polepole.

Kosa liko penginepo, yaani katika zile barua. Mke wa Goodfried ndiye aliyesaidia kuwajibu watu kwa jina la Bree, na mashabiki waliotega programu ya kufuatilia ujumbe waligundua kwamba majibu yalitoka katika ofisi za Creative Artists Agency, kampuni ya mawakala wa waigizaji. Atazamaye tamthilia ajua kwamba kuna jukwaa. Amwandikiaye msichana mpweke ili kumfariji hana jukwaa mbele yake. Ameufungua moyo wake kwa mtu asiyekuwapo. Hapo ndipo Amri ya Nane, ambayo katika Katekisimo Ndogo hukataza kumdanganya na kumsaliti jirani, inapoingia.

Nabii Nathani naye alimsimulia Daudi kisa cha kubuni, na Daudi akakijibu kwa hasira kama kesi ya kweli. Lakini Nathani hakungoja kufichuliwa; alilifumbua fumbo palepale kwa kinywa chake. Kierkegaard vilevile, baada ya miaka kadhaa ya kutumia majina ya kubuni, alikiri mwaka 1846 kwamba vitabu vile ni vyake. Waliomtunga Bree walikiri wakati mashabiki walipokuwa wamekwisha kuwakaribia, na tangazo lao likanena habari za kuzaliwa kwa sanaa mpya.

Mfululizo uliendelea hadi Agosti 2008, na watazamaji walioujua ukweli hawakukosekana. Basi kificho hakikuwa cha lazima kwa kazi yenyewe. Na wale waliomwandikia Bree kabla ya Septemba 2006, barua zao zilikuwa zimekwisha kusomwa na watu wasiowachagua.