Kilima Bondeni: Kusoma Umbo la Fuwele

Mwaka 1891 Fedorov wa Urusi na Schoenflies wa Ujerumani walikamilisha orodha ya ruwaza 230, yaani kila namna ambayo kitu kinaweza kujirudia kwa utaratibu katika pande zote tatu. Hiyo ndiyo arudhi ya fuwele. Lakini arudhi hutaja kinachoruhusiwa, haitaji kinachopendwa. Ushairi wetu una bahari nyingi, na bado tarbia ndiyo iliyotamalaki.

Fuwele za molekuli nazo zina tarbia yao. Hazina ya data ya fuwele hizo iliyoanzishwa Cambridge mwaka 1965 ilifikisha miundo milioni moja mwaka 2019. Takriban theluthi ya miundo hiyo hufuata ruwaza moja, P21/c. Ukijumlisha tano zinazoongoza, unapata asilimia 80 hivi. Zile 225 zinagawana makombo.

Upendeleo huo unatoka wapi? Tusome naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, ambayo hufuata ruwaza hiyohiyo. Kila chumba cha kimia chake, yaani kisanduku kinachojirudia, kina molekuli mbili bapa, zimelala mshazari, ukingo wa moja ukielekea uso wa nyingine. Umbo hili linajengwa kwa mbinu mbili. Ya kwanza ni skrubu: molekuli hugeuzwa nusu mzunguko, kisha husogezwa nusu ya urefu wa chumba. Ya pili ni kioo kinachoteleza: huakisiwa, kisha husogezwa nusu vilevile.

Uzito wote uko katika ile nusu hatua. Kioo kitupu kingekabilisha kilima na kilima, yaani sehemu za molekuli zilizotokeza, pengo likabaki kati yao. Nusu hatua hukiteremsha kilima cha mmoja katika bonde la mwenzake. Kitaigorodsky, mwanasayansi wa Kisovieti, alishikilia kwamba molekuli hutafuta kubanana. Katika fuwele za namna hii hujaza kama asilimia 65 hadi 77 ya nafasi.

Usomaji huu unaweza kupimwa. Molekuli za protini asilia ni za mkono mmoja, haziakisiki, kwa hiyo kati ya ruwaza 230 zimebakiwa na 65, na P21/c haimo. Je, zimechagua ipi zaidi? P212121, yenye skrubu katika pande zote tatu. Kioo kimeondoka, nusu hatua imebaki.