Kuacha Kazi Bila Kuitupa

Siku ya kliniki ya watoto, ratiba ya zahanati ya kijijini haihitaji kubandikwa ukutani. Mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa, mama anawahi shambani. Kwa watu wa Gehandu na vijiji vingine vya Hanang na Mbulu, ambako maboma yametawanyika, mama aliyekuja kwa miguu na mtoto mgongoni harudi tena kesho kirahisi. Ratiba ya muuguzi, basi, ni ahadi. Halafu bodaboda inasimama mlangoni, na aliyepakiwa nyuma ameshikwa na uchungu.

Nataka kusifu anachofanya muuguzi huyo katika dakika zinazofuata, kwa kuwa ni ufundi usiotolewa cheti.

Kwanza, haondoki katikati ya tendo. Sindano iliyo mkononi anaimaliza. Uzito uliosomwa kwenye mizani anauandika, ndipo anainuka. Anayeinuka bila kuandika atarudi asijue nani amechanjwa na nani bado. Pili, anachunga nyakati mbili kwa pamoja. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kikishachanganywa hakitumiki baada ya muda wa saa 6. Mama aliye kwenye uchungu naye anadai mapigo ya moyo wa mtoto wake yasikilizwe kila nusu saa. Ndiyo maana mkunga hodari huhesabu watoto waliopo kabla ya kufungua kichupa, na chati ya uchungu humwonyesha lini anaweza kurudi kwenye foleni na lini asithubutu. Tatu, dharura anaipima kwa macho kabla ya masikio. Anayelia kwa nguvu mlangoni angalau ana pumzi. Mtoto aliyelegea kimya ndani ya kitenge huenda ndiye wa kutangulizwa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi wetu huchagua methali inayotufaa siku hiyo. Muuguzi anazitii zote mbili asubuhi moja.

Mtu anaweza kudhani huo ni ujasiri wa kuzaliwa nao. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 huko Mbulu, imeonyesha vingine. Aprili 2010 wahudumu wake walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, ambaye hutakiwa kupuliziwa hewa ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye mdoli wa mafunzo walifanya vizuri zaidi ya awali. Kwenye chumba cha kujifungulia utendaji haukubadilika. Mazoezi yakapangwa upya: dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Hapo ndipo penye siri ya ufundi wenyewe. Maofisini tumezoea kuona dharura kama adui wa mpango, tukafunga milango ili tufanye kazi. Haydom waliipa nafasi kwenye ratiba dharura isiyo na tarehe, ili itakapofika isiwakute wakitafuta vifaa wala wakikumbushana hatua.

Na kazi ya kawaida haifutiki kwa sababu jambo kubwa zaidi limetokea. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu za mji wa Katesh na kuua makumi ya watu. Wiki hiyohiyo kulikuwa na wajawazito waliofikisha siku zao na watoto waliofikisha umri wa chanjo. Ilibidi mtu awakumbuke.

Lakini ufundi una mpaka wake. Mkono mmoja hauwezi kumpokea mtoto leba na huku ukishika mizani barazani, hata ungekuwa mwepesi kiasi gani. Wanaopanga ikama za zahanati wanajua kwamba uchungu hauangalii siku ya kliniki. Basi wampange mtu wa pili. Kumsifu muuguzi kwa kuyamudu yote kusigeuke kisingizio cha kumwacha peke yake.