Ufundi wa Muuguzi

Muuguzi husifiwa kwa huruma, na anayemsifu hivyo hudhani amemaliza. Lakini huruma hata jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa na chupa ya uji anayo. Kinachowatofautisha wawili hao ni ufundi.

Mtazame katika wodi ya watoto. Mtoto ameharisha hadi macho yamezama na mishipa imejificha. Muuguzi anaufunga mkono kwa mpira, anapapasa kwa ncha ya kidole mpaka augundue mshipa unaobonyea na kurudi. Sindano inaingia kimshazari. Damu ikichungulia, anaisukuma kanula taratibu, anachomoa chuma, anabandika plasta, huku akimtuliza mama. Katika wodi ya watu wazima kuna mgonjwa anayetakiwa kupata lita moja ya dripu kwa saa 8. Kwa mrija unaotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 42 hivi kwa dakika, na anayahesabu kwa saa yake wodi nzima ikimwita "Sista!"

Upo na ufundi usioonekana. Mgonjwa akikata roho, muuguzi humfumba macho, humnyoosha viungo, humfunika, akazungumza na ndugu zake. Kisha huenda kitanda kinachofuata kumpa dawa mtu anayetarajia kuruhusiwa kesho, na lazima amfikie na uso mwingine. Kuubadili uso hivyo ni kazi, nayo huchosha kuliko kusimama usiku kucha. Machozi yaliyozuiwa wodini huibukia nyumbani, katika ukali kwa watoto au usingizi unaogoma kuja mchana.

Wauguzi wana namna zao za kujiponya: chai ya rangi baada ya kukabidhiana zamu, pamoja na mwenzao asiyehitaji kuelezwa, au mkuu wa wodi anayesema, "Kapumzike kidogo, nitakushikia." Husaidia, ila si pale mtu anapoachiwa wodi nzima peke yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa uchovu wa aina hii hutokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa ipasavyo, wala halikuuita ugonjwa. Basi tiba yake ianzie kwenye ratiba ya zamu.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, wauguzi huwasha mishumaa na kurudia kiapo, nasi tukapiga makofi. Ni vema. Lakini fundi huheshimiwa kwa kupewa vifaa, wa kusaidiana naye na siku ya kupumzika. Kumpa sifa tupu ni kumkopa.